Mkono Usiotoka Jasho: Uhakiki wa Mashine Yetu ya Adungu

Desemba iliyopita, katika chumba cha nyuma cha fundi redio mmoja mjini Arua, tuliilaza adungu ya nyuzi nane juu ya meza, tukaibana kwa vibanio viwili vya seremala, tukaunganisha simu, na adungu ikapiga wimbo bila mtu kuigusa. Tulikuwa wanafunzi watatu na fundi mwenyewe. Mwenzetu mmoja alipiga makofi. Fundi, ambaye amezoea vitu vinavyoimba vyenyewe, alisema tu kwamba waya wa tatu unapata moto. Mimi nilifurahi kupita kiasi, na usiku uleule nikaandika kurasa nne za kuisifu mashine. Makala haya yanachukua nafasi ya kurasa hizo.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana nilipokisimulia darasani wengi walidhani nazungumzia spika. Simu inapocheza wimbo kwa kawaida hutoa sauti iliyorekodiwa. Katika mashine yetu simu haitoi sauti yoyote. Inatuma maagizo kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani waliutangaza mwaka 1983 ili kinanda cha kampuni moja kiweze kukiamrisha cha kampuni nyingine. Agizo moja lina sehemu tatu: piga; noti namba fulani, kati ya 0 na 127; kwa nguvu kiasi fulani. Baadaye hufuata agizo la kuacha. Basi. Sauti haimo humo hata chembe, kama vile bibi harusi asivyokuwamo ndani ya barua ya posa. Kwa hiyo wimbo mzima wa MIDI hutosha katika kilobaiti chache, ilhali wimbo huohuo ukirekodiwa hula megabaiti kadhaa, na kwa mtu anayenunua bando la siku moja moja tofauti hiyo anaijua vizuri.

Bodi ndogo ya Arduino huyapokea maagizo hayo, na kwa kila namba huamsha mota moja ndogo ya sevo, ile ya plastiki ya buluu ambayo watu huifunga kwenye vigari vya kuchezea. Kwenye mkono wa mota tulibandika kipande kilichokatwa kutoka kadi ya plastiki ya laini ya simu. Mkono ukienda kushoto unadonoa uzi, ukirudi kulia unaudonoa tena. Nyuzi nane, mota nane. Hakuna kingine cha kueleza. Fundi aliuelewa mpango wote kabla sijamaliza kuuchora.

Wazo lenyewe halikuanzia kwetu, wala kwa akina Arduino. Katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, wana wa Musa, walieleza katika maandishi yao chombo cha maji kilichopuliza filimbi chenyewe, kikiongozwa na gurudumu lenye meno. Baadaye Ulaya na Marekani zikaleta piano zinazosoma karatasi iliyotobolewa. Nayataja haya upesi ili tusijidai kwamba swali ni jipya. Jipya kwetu ni kwamba vifaa vyake sasa vinapatikana Arua, na mwanafunzi asiye na kazi anaweza kuvichanga.

Darasani mashine ilipata upinzani wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa ule tunaouandika katika kila mtihani wa fasihi simulizi: teknolojia inaua utamaduni. Sitakaa nao sana. Adungu yenyewe, jinsi inavyopigwa leo makanisani West Nile, imekwisha kurekebishwa ili ifuate do-re-mi, na bendi zina adungu kubwa ya besi na ndogo za sauti ya juu kama kwaya. Lukeme tunayoiita ya Kiacholi na ya Kialur ilitoka Kongo mapema karne ya 20, mikononi mwa wapagazi na vibarua. Tukiuliza ni kitu gani hasa kinachouawa, jibu huwa ni kitu ambacho babu zetu walikipokea kutoka kwa mgeni na kukipenda.

Upinzani wa pili ulikuwa na akili zaidi, na ulinisumbua wiki nzima. Mwenzetu anayesoma pia muziki alisema MIDI imejengwa juu ya noti 12 za Kizungu. Kwa hiyo wimbo wowote wa Kiafrika ukipita humo hutoka umepigwa pasi. Ni kweli kwa kinanda cha dukani. Namba 60 ikifika pale, kinanda hutoa C ya katikati, na ukitaka sauti iliyo kati ya C na jirani yake itabidi uhangaike. Lakini namba si sauti. Ni kinanda kinachoigeuza iwe C. Kwetu namba 60 humwamsha sevo wa kwanza, na sevo hajui C ni nini. Anajua kwamba mbele yake kuna uzi. Uzi huo umekazwa na mtu, kwa sikio la mtu. Babu alipoukaza upya kwa mtindo aliouzoea yeye, faili lilelile likatoka na wimbo wenye uso mwingine, na hatukuwa tumegusa chochote kwenye simu.

Chukua amadinda ya Waganda, yenye vibao 12 vya mti. Ngazi yake ya sauti hugawanywa katika hatua tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa, jambo ambalo kinanda cha dukani hakiliwezi bila kufanyiwa hila. Mashine inayogonga vibao vyenyewe haitakosea, kwa kuwa usahihi umo ndani ya mti. Kwa upande huu basi nasema bila woga: chombo kinachopiga kwa mkono wa chuma kinaheshimu muziki wetu kuliko kile kinanda cha umeme ambacho makanisa ya Arua yamekinunua bila mtu kuandika makala ya kukilaumu.

Hata namna ya kupanga noti si ngeni. Waalur wana agwara, tarumbeta za kupuliza kwa ubavuni, za urefu mbalimbali. Wasoga wana bigwala, tarumbeta za vibuyu ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Katika bigwala kila mpulizaji ana sauti yake moja tu. Wimbo hautoki kwa mtu yeyote. Unatoka katika zamu zao, huyu akinyamaza yule akiingia. Mtu wa sauti ya tatu hufanya kazi ileile anayofanya sevo wetu wa tatu: hungoja, hupiga, hungoja. Niliposema hivi darasani nilidhani nimeshinda hoja. Kumbe nilikuwa nimefika tu mahali ambapo hoja inaanza.

Kwa sababu mpulizaji hungoja kwa kusikiliza, na sevo hungoja kwa kuhesabu.

Nilianza kuliona hilo Koboko. Babu yangu mzaa mama ni Mwalur wa upande wa Nebbi. Alihamia Koboko zamani akifuata biashara ya samaki wa Panyimur, akajifunza Kakwa nyumbani na Kiswahili sokoni Ariwara, na Kiswahili chake hakingepita katika mtihani wowote wa chuo chetu, ingawa hajawahi kushindwa kununua wala kuuza. Ana adungu ya besi na adungu ndogo. Wenzake wawili wa bendi, mmoja amefariki, mwingine yuko Kampala. Aliyebaki ni kijana wa miaka 14, jirani, anayepiga ile ndogo. Jumapili na kwenye harusi wanapiga wawili, na kamati ya kanisa humpa kila mmoja nauli. Nauli ya yule kijana ndiyo hununua madaftari.

Tulisafirisha mashine kwa gari la abiria, kilomita 55 hivi za lami, nikiipakata kama mtoto. Siku ya kwanza tuliiwasha kwa chaja ya simu. Ilipiga vizuri mpaka ilipofika mahali ambapo mota nne zinaondoka pamoja. Umeme ukazidiwa, bodi ikazimika, ikawaka tena, na wimbo ukaanza upya kutoka mwanzo. Ikafika palepale, ikazimika tena. Watoto dirishani walicheka sana. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimepiga hesabu ya mota moja moja. Tuliazima betri ya pikipiki na kifaa cha kushusha volti 12 kuwa 5, na shida ikaisha. West Nile iliungwa kwenye gridi ya taifa mwaka 2024, baada ya miaka ya kutegemea mtambo mdogo wa Nyagak wa megawati 3.5 na jenereta za dizeli, lakini mtu mwenye busara Koboko bado ana betri mahali fulani.

Babu alisikiliza nyimbo tatu. Akauliza kama inaweza kupiga polepole. Tukaonyesha kwamba inaweza. Akauliza kama inaweza kupiga taratibu kwa maana ya kutoumiza uzi, tukanyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu, hii inapiga kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake."

Sijapata uhakiki bora kuliko huo, na nitajaribu kuufafanua kwa lugha ya darasani. Katika faili letu kila noti ilikuwa na namba ya nguvu, kwa kuwa mwenzetu aliurekodi wimbo kwenye kinanda kinachopima uzito wa kidole. Maagizo yalikuwa kamili. Mota ndiyo haikuwa na namna ya kuyatii. Ikiamriwa kwa nguvu 20 au 110, hupita kwenye uzi kwa mwendo uleule. Kati ya sehemu tatu za agizo, moja ilianguka njiani kwa sababu ya bei. Halafu kuna muda: sevo ya bei hii hupokea agizo mara 50 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 20, kwa hiyo kila noti husogezwa kidogo ili iingie katika kisanduku chake. Peke yake si jambo kubwa, sikio halilikamati. Lakini babu huchelewesha uzi wa besi makusudi, kidogo sana, na ucheleweshaji huo ndio unaowafanya watu wanyanyue mguu. Mashine iliuona kama uchafu ikausafisha.

Walimu wetu hutufundisha kwamba fasihi simulizi haikamiliki bila fanani, hadhira na tukio. Huwa tunayakariri maneno hayo. Mimi niliyaelewa siku ya harusi moja, wakati kina mama walipokuwa wakimwingiza bibi harusi na njia ikazibwa na pikipiki. Babu alirudia mzunguko uleule wa nyuzi nne, mara saba au nane, akiwatazama kina mama, na alipoona kiatu cha bibi harusi kimevuka kizingiti ndipo akaruhusu wimbo uende mbele. Faili la MIDI lina mwisho wake ndani yake. Haliwezi kuona kiatu.

Tulijaribu kulitibu hilo. Tukaweka kitufe chekundu: ukikibonyeza, mashine hurudia mzunguko mpaka ukiachie. Kilifanya kazi. Ila mtu wa kukibonyeza ilibidi awatazame kina mama, ajue wimbo, ajue desturi, ajue pia lini watu wamechoka. Tulimfukuza fanani kwa mota nane akarudi kupitia kitufe kimoja. Nadhani hapa ndipo wale wanaosema mashine ni mfu na wale wanaosema ni msanii mpya wanakosea pamoja: wote wanaitazama mashine, hakuna anayetazama nani ameshika kitufe.

Linganisha na Konono No. 1 wa Kinshasa. Mingiedi na wenzake walikuwa na likembe, na mji uliokuwa na kelele nyingi mno kwa likembe. Wakatengeneza vipaza sauti vyao wenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, na walipopata albamu yao ya Congotronics miaka ishirini hivi iliyopita, dunia ikashangaa. Muziki ule wa Bazombo ulikuwa hapo kabla ukipigwa kwa tarumbeta za pembe, kwa zamu, jamaa wa agwara zetu. Tazama walichokigusa na walichokiacha. Umeme waliuweka baada ya kidole. Kidole kilibaki, jasho likabaki, na kukwaruza kwa spika kukawa sehemu ya wimbo. Sisi tuliuweka umeme mahali pa kidole. Vifaa vyao vilikuwa vibovu kuliko vyetu, na uamuzi wao ulikuwa bora.

Linabaki neno moja nililolitumia bila aibu katika kurasa zangu nne: nafuu. Nilijumlisha mota, bodi, waya, betri na kile kifaa cha kushusha volti, na jumla ilizidi kiasi ambacho babu alimlipa mchongaji kwa adungu zake zote mbili. Kwa maana hiyo mashine ni ghali. Ni nafuu tu ukiilinganisha na kitu kingine, na nilikuwa nakijua kitu hicho, kwa sababu niliandika mwenyewe katika pendekezo letu kwa kamati ya kanisa kwamba chombo hiki "kitapunguza gharama za wapigaji." Mjumbe mmoja wa kamati aliipenda sentensi hiyo. "Mashine haiombi nauli," alisema, kwa nia njema kabisa, na akauliza kama tunaweza kuiacha Koboko baada ya likizo. Yule kijana wa miaka 14 alikuwa amesimama mlangoni ameshika adungu yake.

Hakusema kitu. Babu naye hakusema kitu, na babu si mtu wa kunyamaza.

Mhakiki wa riwaya akikosea, riwaya haipungukiwi kitu. Hapa sentensi yangu moja ilikuwa karibu kumnyang'anya mtoto madaftari, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika upya. Sisemi mashine ivunjwe. Nasema iliundwa kwa swali baya. Tuliuliza jinsi ya kupiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, nyuzi zote. Swali zuri lingetokana na upungufu uliopo kweli pale Koboko: bendi ya watu wanne imebaki na wawili, na mtoto anayetaka kujifunza sehemu yake hana wa kumpigia sehemu nyingine babu anapokuwa shambani. Katika muziki wa zamu huwezi kufanya mazoezi peke yako, kama vile huwezi kucheza bao peke yako.

Jioni mbili za mwisho tuling'oa mota tano tukabakiza tatu, za nyuzi nene. Mashine ikapiga besi peke yake, wimbo uliojaa mapengo, ambao ukiusikia bila mwenzake utadhani umeharibika. Kijana akakaa upande wa pili na kujaza. Usiku wa kwanza alishindwa na akakasirika, kwa sababu mashine haingoji mtu. Usiku wa pili alishika sehemu ambayo babu anasema ilimchukua yeye mvua nzima kuijua. Tulishangilia.

Jumapili iliyofuata alipiga na babu mwenyewe, na akawa anamtangulia. Kila babu alipochelewesha ule uzi wake, mtoto alikuwa amekwisha kupita, amefika kwenye kisanduku kinachofuata, anamngoja. Baada ya ibada babu aliichukua adungu ndogo, akamketisha kando yake chini ya mwembe, wakaanza wimbo uleule tena kutoka mwanzo, bila mashine, polepole zaidi. Tulipoondoka kuwahi gari la Arua walikuwa bado hawajafika katikati.

Pendekezo tumeliandika upya na sentensi ya gharama imeondolewa. Kamati haijajibu. Mota tano ziko kwa fundi katika kopo la maziwa, na ameniuliza mara mbili kama anaweza kuziuza.